Rasimu ya sera ya nyumba: tabianchi imo katika sura zipi?

Swali: "Nimeteuliwa kwenye kamati ya wananchi inayotoa maoni kuhusu rasimu ya sera ya nyumba ya serikali. Rasimu ina sura kumi na moja, na ya mwisho ndiyo inayohusu mabadiliko ya tabianchi. Inataja paneli za sola, upandaji miti na 'kuhamasisha ujenzi rafiki kwa mazingira'. Wenzangu wengi wanaona inatosha, kwa kuwa uchafuzi ni wa viwanda na magari, na nyumba ni huduma ya jamii tu. Je, sera ya nyumba ina kazi gani hasa katika suala hili? Nitazame nini?"

Ndugu mjumbe,

Haitoshi. Hata sura hiyo ikirefushwa mara tatu haitatosha, kwa sababu mambo yenye uzito mkubwa kwa tabianchi hayamo humo. Yamo katika sura za ardhi, mikopo, kanuni za ujenzi na upangishaji wa nyumba, ambazo pengine kamati yenu imezipitia bila kuwaza hewa ukaa hata mara moja. Nitakueleza kwa nini, halafu utaona mwenyewe pa kuweka kalamu.

Tuanze na hoja ya wenzako. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, linakadiria kuwa majengo pamoja na shughuli za kuyajenga huchangia zaidi ya theluthi moja ya hewa ukaa inayotokana na nishati na viwanda duniani. Sehemu kubwa ya fungu hilo hutoka katika matumizi ya kila siku: kupasha joto, kupoza, kuchemsha maji, kupika, kuwasha taa. Inayobaki hutoka katika kutengeneza saruji, chuma, matofali, kioo na alumini. Ofisi na maduka yamehesabiwa humo pia, lakini makazi ndiyo yanayochukua sehemu kubwa zaidi. Kwa hiyo mwenzako akitaja viwanda, muulize saruji ya viwanda hivyo inakwenda wapi. Akitaja magari, muulize ni nani aliyeamua watu walale kilomita arobaini kutoka wanakofanyia kazi. Mara nyingi jibu ni sera ya nyumba, hata kama hakuna aliyeikusudia iwe hivyo.

Halafu kuna suala la umri. Gari linalokunywa mafuta mengi litaondoka barabarani baada ya miaka kumi na tano au ishirini. Jengo lililojengwa vibaya litasimama miaka hamsini, themanini, pengine mia, na kila mwaka litadai nishati ileile kufidia makosa yaleyale. Kulirekebisha baadaye ni ghali kuliko kulijenga sawasawa tangu mwanzo, na wanaolipa gharama hiyo ni watu ambao hawakuwepo maamuzi yalipofanyika. Ndiyo maana naona sera ya nyumba ni mojawapo ya nyenzo zenye nguvu zaidi ilizonazo serikali yoyote kwa ajili ya tabianchi, na inaniuma kuiona ikiachiwa sura ya mwisho.

Ningekuwa mimi, ningeanzia kwenye ardhi.

Mexico ina somo kubwa hapa. INFONAVIT, mfuko wa nyumba za wafanyakazi ulioanzishwa 1972, ulitoa mikopo ya nyumba kwa mamilioni ya familia, hasa miaka ya 2000. Lengo lilikuwa jema na kasi yake ilistaajabisha. Tatizo ni kwamba sera ilihesabu idadi ya nyumba tu, na mahali zilipo halikuwa jambo lake. Makampuni ya ujenzi yakafuata ardhi ya bei ya chini, na ardhi ya bei ya chini iko mbali na kila kitu. Zikajengwa safu kwa safu za nyumba zinazofanana nje kabisa ya miji, ambako usafiri wa umma haufiki vizuri, shule ni chache na kazi hakuna. Sensa ya 2010 ilikuta nyumba zipatazo milioni 5 nchini humo hazina watu. Sababu zilikuwa nyingi, lakini umbali ulikuwa mkubwa miongoni mwake: watu walipiga hesabu ya nauli na muda, wakafunga mlango na kuondoka, wengine huku deni likiendelea kuwadai. Kuanzia 2013 baadhi ya makampuni makubwa yaliyokuwa yakijenga nyumba hizo yaliingia katika matatizo makubwa ya fedha.

Jambo ninalotaka ulitazame kwa makini ni hili. Mfuko huohuo ulikuwa na mpango uliosifiwa sana kimataifa, "mkopo wa kijani", uliompa mnunuzi nyongeza ya mkopo ili nyumba yake iwe na hita ya maji ya jua, taa zinazotumia umeme kidogo na mabomba yasiyopoteza maji. Mpango ulikuwa mzuri kwa kila kipimo chake. Lakini hita ya jua haiwezi kufuta saa mbili za kwenda kazini na mbili za kurudi, wala saruji iliyomwagwa kujenga barabara, mitaro na nguzo za umeme hadi huko. Wala haina faida yoyote juu ya nyumba isiyokaliwa na mtu. Mwaka 2013 serikali ya Mexico ilibadili mwelekeo na kuanza kufungamanisha ruzuku na ramani za miji, hivi kwamba mradi ulio karibu na ajira na huduma unapewa kipaumbele kuliko ulio mbali. Badiliko hilo la mstari mmoja kwenye masharti ya ruzuku naliona lina uzito kuliko hita zote.

Vienna, mji mkuu wa Austria, imefanya vizuri kwa njia nyingine. Jiji hilo linamiliki fleti zipatazo 220,000, na mbali na hizo kuna nyingine nyingi za vyama vya nyumba visivyolenga faida kubwa. Tangu 1995, ardhi ya jiji kwa miradi mikubwa hutolewa kwa mashindano: wajenzi huleta michoro, na jopo huipima kwa gharama, usanifu na mazingira; baadaye kikaongezwa kigezo cha ustawi wa jamii. Bei ya ardhi inakuwa imeshapangwa, kwa hiyo wanashindana kwa ubora. Mjenzi anayetaka kiwanja hana budi kueleza jengo litakula nishati kiasi gani na wakazi watafikaje mjini. Singapore nayo, ambako takriban wanane kati ya wakazi kumi wanaishi katika nyumba zilizojengwa na bodi ya serikali iliyoundwa 1960, imepanga miji yake mipya sambamba na njia za reli. Mkazi haombwi awe mtu mwema ndipo aache gari. Kituo kiko karibu na mlango wake.

Kwa hiyo kwenye sura ya ardhi tafuta kama kuna kipimo cha umbali: nyumba ya serikali au yenye ruzuku iwe umbali gani kutoka kituo cha usafiri, shule na kituo cha afya? Kama hakuna tarakimu, sura hiyo itazalisha magari, hata kama sura ya kumi na moja itapanda miti kiasi gani. Tazama pia kama viwanja vimelinganishwa na ramani za mafuriko. Serikali nyingi hutenga kwa nyumba za wenye kipato cha chini ardhi ambayo wengine hawakuitaka, na mara nyingi hawakuitaka kwa sababu maji hupita hapo.

Sasa vifaa vya ujenzi, sehemu ambayo watu wengi hawaifahamu. Saruji peke yake huchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayozalishwa na binadamu. Ili kuitengeneza, mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Wengi hudhani tatizo ni kuni au makaa yanayochoma tanuri hilo. Kumbe zaidi ya nusu ya hewa ukaa hutoka ndani ya jiwe lenyewe, maana chokaa likipata joto hilo huachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa humo. Hata ukiliwasha tanuri kwa umeme wa jua, jiwe litaendelea kuitoa. Dawa ni kupunguza kiasi cha jiwe lililochomwa katika kila mfuko. Kuna saruji inayochanganya udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa joto la chini zaidi pamoja na chokaa kisichochomwa. Inajulikana kwa kifupi kama LC3, na inaweza kupunguza hewa ukaa kwa hadi asilimia 40. Udongo unaofaa unapatikana kwa wingi katika nchi za tropiki. Kikwazo mara nyingi ni viwango vya taifa vinavyotaja saruji ya aina moja tu, hivyo mhandisi akitumia nyingine anajitia hatiani. Hilo linabadilishwa kwa waraka, bila kujenga kiwanda hata kimoja.

Denmark imeenda mbali zaidi. Kuanzia Januari 2023, jengo jipya lenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 1,000 liliwekewa kikomo: kilo 12 za hewa ukaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, zikihesabiwa kwa miaka 50, vifaa na matumizi ya nishati pamoja. Anayejenga analazimika kufanya hesabu hiyo na kuithibitisha. Kikomo kilikazwa zaidi 2025, na kimepangwa kuendelea kushuka kadiri miaka inavyokwenda.

Lakini kabla ya kuuliza utajenga kwa nini, uliza kama kuna haja ya kubomoa. Hapa nina msimamo mkali, na nitakupa mfano mmoja kwa undani.

Katika mtaa wa Grand Parc, jijini Bordeaux, Ufaransa, kulikuwa na maghorofa matatu ya miaka ya 1960 yenye fleti 530 za wapangaji wa kipato cha chini. Yalikuwa yamechakaa, madirisha madogo, kuta zinapitisha baridi, na wazo la kuyabomoa lilikuwa mezani. Wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, wakishirikiana na Frédéric Druot na Christophe Hutin, walishauri kinyume chake: msiondoe kitu, ongezeni. Nje ya kila jengo pakasimamishwa fremu mpya yenye vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, vikiinuliwa kwa winchi na kupangwa ghorofa baada ya ghorofa. Kila fleti ikapata ukumbi wa mbele wenye kina cha karibu mita nne, uliofungwa kwa vioo na mapazia. Ukuta wa zamani wenye dirisha dogo ukaondolewa, mahali pake ukawekwa mlango mpana wa kioo. Wakati wa baridi ukumbi ule unanasa joto la jua na kuwa kizuizi kati ya chumba na hali ya hewa ya nje. Wakati wa kiangazi vioo vinafunguliwa na mapazia yanateremshwa. Kazi kwenye kila fleti ilichukua kama wiki mbili, na wapangaji hawakuhamishwa. Kodi haikupanda. Mradi ulikamilika 2017, na mwaka 2021 Lacaton na Vassal walipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo.

Zingatia kilichookolewa pale: zege la maghorofa matatu ambalo halikulazimika kutengenezwa upya, na majirani ambao hawakutawanywa. Sera nyingi zina fungu la "kuhuisha mitaa chakavu" ambalo kwa vitendo maana yake ni kubomoa. Pendekeza kwamba yeyote anayeomba kubomoa jengo la makazi la umma aonyeshe kwanza hesabu ya kulikarabati, ya fedha na ya hewa ukaa, na hesabu hiyo iwekwe wazi kwa wakazi.

Sasa kanuni za ujenzi. Katika nchi za baridi jambo hili limeeleweka kwa muda mrefu. Bei ya mafuta ilipopaa 1973, Denmark, iliyokuwa ikitegemea mafuta ya nje kwa karibu nishati yake yote, iliamua kukaza kanuni za ujenzi na mwaka 1979 ikapitisha sheria ya usambazaji wa joto. Leo takriban theluthi mbili ya nyumba zake hupata joto kwa maji moto yanayosambazwa kwa mabomba mtaa mzima, badala ya kila nyumba kuwa na tanuri lake. Ujerumani, katika mji wa Darmstadt, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumba ya kwanza ya kiwango cha "nyumba tulivu", ambacho kinaruhusu kilowati-saa 15 tu za kupasha joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Siri yake ni kuta nene, madirisha ya vioo vitatu na kuziba mianya ya hewa, na kila fundi aliyefundishwa vizuri anaweza kuifanya.

Katika nchi za joto bado tunachelewa, na huko ndiko nyumba nyingi mpya za karne hii zitakakojengwa. Chukua nyumba ya kawaida ya mradi wa gharama nafuu: kuta nyembamba za tofali za saruji, bati juu, hakuna dari, madirisha madogo upande mmoja. Mchana, paa lenye rangi nzito linaweza kufika nyuzi joto 65 na zaidi. Joto hilo linamulika kwenda chini moja kwa moja hadi kichwani mwa aliyekaa ndani, hata kama hewa ya chumbani haijachemka sana. Ukuta wa magharibi nao unakunywa jua la alasiri, unalitunza, kisha unalitoa saa tatu au saa nne usiku, watu wanapotaka kulala. Dirisha liko upande mmoja tu, kwa hiyo hewa inaingia na haina pa kutokea. Anayeishi humo akipata kipato kidogo tu, kitu cha kwanza atakachonunua ni feni, na cha pili ni kiyoyozi. Nani atamlaumu?

Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria 2018 kwamba viyoyozi duniani, ambavyo wakati huo vilikuwa bilioni 1.6, vitafika bilioni 5.6 ifikapo 2050. Vinakula umeme jioni, saa ambazo jua limeshazama, na gesi iliyomo ndani yake ikivuja inatunza joto angani mara mamia au maelfu kuliko hewa ukaa. Ndiyo maana nchi zilikubaliana mjini Kigali 2016 kuzipunguza gesi hizo hatua kwa hatua. Nyumba niliyoieleza hapo juu ingehitaji mambo machache: upande mrefu utazame kaskazini na kusini, madirisha yatazamane ili hewa ipite, paa litokeze mbele ya ukuta, dari iwe na nafasi ya hewa juu yake, na bati liwe jeupe. Ahmedabad, India, baada ya wimbi la joto la 2010 lililoua watu zaidi ya elfu moja, iliandaa mpango wa kukabiliana na joto 2013, na baadaye ikaanza kupaka mapaa ya nyumba za wanyonge rangi nyeupe inayorudisha jua. Inaweza kupunguza joto la ndani kwa nyuzi 2 hadi 5. Mengi ya haya hayaongezi gharama ikiwa yatachorwa kabla ya msingi kuchimbwa. Yakisahaulika, hayarekebishiki kirahisi, kwani huwezi kuigeuza nyumba iliyokwisha simama.

Kanuni, hata hivyo, inahitaji serikali isiyoyumba. Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, ilianza 2007 kwa mashindano ya majengo ya mfano, ikawapa wajenzi ruzuku na muda wa kujifunza, halafu ikatangaza mapema kwamba kuanzia 2015 jengo jipya halitapata kibali bila kufikia kiwango kinachokaribia kile cha nyumba tulivu. Wajenzi walilalamika, wakajifunza, wakatekeleza. Uingereza kwa upande wake ilitangaza mwishoni mwa 2006 kwamba nyumba zote mpya zisizalishe hewa ukaa kuanzia 2016. Wajenzi na viwanda waliwekeza wakijiandaa kwa tarehe hiyo. Julai 2015, miezi michache kabla, mpango ulifutwa. Nyumba zilizojengwa baada ya hapo sasa zinahitaji kukarabatiwa kwa fedha za wenyewe. Waliowekeza wakiiamini serikali ndio walioumia zaidi, na mtu wa namna hiyo hawezi kukuamini mara ya pili.

Nije kwenye upangishaji wa nyumba. Mwenye nyumba ndiye mwenye uwezo wa kuziba ukuta au kubadili paa, lakini bili ya umeme analipa mpangaji. Kwa hiyo mwenye nyumba hana haraka, na mpangaji hana mamlaka. Hakuna uhamasishaji utakaofungua fundo hilo, linahitaji sheria. Ufaransa imepiga marufuku kupangisha upya nyumba zilizo katika daraja la chini kabisa la nishati: daraja G tangu Januari 2025, F kuanzia 2028, E kuanzia 2034. Ujerumani, tangu 2023, inagawanya ushuru wa hewa ukaa wa kupasha joto kati ya mwenye nyumba na mpangaji, na kadiri jengo lilivyo bovu ndivyo mwenye nyumba anavyobeba zaidi, hadi asilimia 95. Naipenda njia ya pili kwa sababu inamfanya mwenye nyumba ahisi maumivu ya jengo lake mwenyewe.

Ila ukipendekeza lolote kati ya haya, hakikisha kuna kinga dhidi ya kuhamishwa. Mwenye nyumba akipata kisingizio cha kukarabati, anaweza kumtoa mpangaji na kurudisha nyumba sokoni kwa kodi kubwa zaidi. Mpangaji anakwenda kuishi mbali zaidi, katika nyumba mbovu zaidi, na tabianchi haikupata kitu. Kodi baada ya ukarabati iwe na kikomo, na mpangaji awe na haki ya kurudi.

Kuhusu fedha, nitakueleza yaliyoshindikana. Uingereza ilianzisha 2013 mkopo wa kukarabati nyumba, ambao ungelipwa polepole kupitia bili ya umeme. Riba ilikuwa ya asilimia 7 na zaidi na taratibu zilikuwa ngumu. Ulipofungwa 2015 ni nyumba zipatazo 14,000 tu zilizokuwa zimechukua mkopo huo. Italia ilifanya kinyume: 2020 ilitangaza kurudisha asilimia 110 ya gharama za ukarabati kupitia punguzo la kodi ya serikali. Mtu asiyelipa chochote hana sababu ya kuuliza bei, hivyo bei za ujenzi zikapanda, udanganyifu ukaingia, na gharama kwa hazina ikapita yuro bilioni 100. Wenye nyumba zao wenyewe ndio waliofaidi zaidi. Ruzuku ipande kadiri kipato kinavyoshuka, na mtumiaji achangie kidogo pale anapoweza, ili awe na macho kwa fundi.

Kuna swali ambalo hakika litaulizwa kwenye kamati: kwa nini tuanze na maskini, ambao hewa ukaa yao ni kidogo sana? Mradi wa Kuyasa, huko Khayelitsha, Cape Town, ulikutana na swali hilohilo. Ulikuwa mradi wa kuwekea nyumba zaidi ya 2,300 za serikali dari ya kuzuia joto na baridi, hita ya maji ya jua na taa bora, na 2005 ulisajiliwa chini ya Itifaki ya Kyoto, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza hewa chafu. Nyumba zilikuwa zimejengwa bila dari, na majira ya baridi ya huko yana mvua na upepo mkali. Wakazi walitumia nishati kidogo kwa sababu hawakuwa na fedha, wala si kwa sababu hawakuhisi baridi. Mradi ulihesabiwa kwa kuangalia nishati ambayo wangetumia kama wangeweza kujipatia joto la kutosha. Naona hiyo ndiyo hesabu ya haki. Sera ikipima tu hewa ukaa ya leo, itapeleka fedha kwa wenye nyumba kubwa na kuwaacha wengine wangoje hadi nao wawe wachafuzi.

Vivyo hivyo kwa makazi yasiyo rasmi, ambako zaidi ya watu bilioni 1 wanaishi. Huko jambo la kwanza ni hati au hakikisho la kutofukuzwa. Mtu asiyejua kama atakuwepo mwakani hawezi kuinua msingi juu ya mafuriko. Thailand, kupitia mpango wa Baan Mankong ulioanza 2003, huipa jamii mkopo wa pamoja, ikajadiliana yenyewe juu ya ardhi na kupanga upya mtaa wake pale ilipo au karibu na hapo. Tafuta kama rasimu yenu inazungumzia uboreshaji wa namna hii, au inazungumzia "uondoaji".

Jambo moja lisilo na mjadala: usalama. Moto wa tarehe 14 Juni 2017 katika jengo la Grenfell Tower, London, uliua watu 72. Ukarabati uliokamilika 2016, pamoja na mengine ili kuzuia upotevu wa joto, uliliwekea kuta za nje vifaa vinavyoshika moto, na moto ulipanda jengo zima kwa muda mfupi. Wakazi walikuwa wamelalamika kuhusu usalama wa jengo lao kabla ya hapo, wasisikilizwe. Sera inayosukuma ukarabati kwa kasi bila wakaguzi wa kutosha inaweza kuua. Kwa hiyo, mahali popote rasimu inapotaja ukarabati, pawe pametajwa pia ni nani anakagua, analipwa na nani, na mkazi anapeleka wapi malalamiko.

Mwisho, kama mtapewa nafasi ya kuingiza kifungu kimoja tu, ningependekeza hiki: ardhi ya umma, ruzuku ya umma na dhamana ya serikali visitolewe kwa mradi wowote wa nyumba usiotimiza kipimo cha umbali, kipimo cha joto la ndani na hesabu ya hewa ukaa ya vifaa, na vipimo hivyo vithibitishwe mwaka mmoja baada ya watu kuhamia, kabla mkandarasi hajalipwa sehemu ya mwisho ya fedha zake. Wizara ya fedha ndiyo itakayokipinga kifungu hiki kuliko wote, ikisema kinachelewesha miradi. Nendeni na mfano wa Mexico mkononi, na muombe nao waonyeshe hesabu zao za nauli, barabara na umeme kwa miaka thelathini ijayo.